Mizani Haimfungi Mwigizaji: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Tamthilia za Kishairi

Mahafali ya kidato cha nne yanapokaribia, shule za ukanda wetu, kuanzia Isaka na Kahama hadi Geita, huanza kutafuta kitu cha kuwaonyesha wazazi. Ngonjera haikosi, kwaya haikosi, na igizo fupi la mafunzo nalo huwa limeshaandaliwa. Akitokea mwalimu anayetaka vijana wake waigize onyesho zima la Juliasi Kaizari, anapata upinzani kabla hata hajagawa nakala. Ataambiwa kitabu ni kigumu, ushairi unachosha, watoto wa huku hawana lafudhi, na mzazi aliyetoka dukani kwake au machimboni hatakaa kusikiliza.

Madai hayo husemwa na watu wanaowapenda vijana, na kwa hiyo yanastahili majibu ya heshima. Lakini yananiuma, kwa sababu yanawanyima vijana wetu jambo wanaloliweza. Nayajibu moja baada ya jingine nikiwa na msimamo huu: umbo la ushairi katika tamthilia ni maelekezo ambayo mtunzi amemwachia mwigizaji. Humwambia wapi akimbie, wapi angoje, na neno gani libebe uzito. Anayejua kuyasoma maelekezo hayo husema kwa uhuru zaidi, na msikilizaji humwelewa upesi zaidi.

Dai la kwanza: "Tamthilia za kishairi ni za Wazungu, si zetu"

Ukweli kidogo upo. Jukwaa lenye pazia na viti vilivyopangwa safu lilikuja na shule za kikoloni, na Shakespeare aliingia humo ndani ya mtalaa. Tazama, hata hivyo, Waswahili walifanya nini baada ya uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Hakuridhika nayo. Aliipitia tena na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kiongozi mwenye nchi changa mikononi mwake alirudi kwenye mistari ileile mara mbili kwa sababu aliamini Kiswahili kinaweza kuibeba.

Hatukuishia kwenye tafsiri. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969, ambamo kauli za mganga wa Vita vya Majimaji zina mapigo ambayo mazungumzo ya kawaida hayana. Mwaka 1976 akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi za kishairi zilizojengwa juu ya sauti ya mtambaji mmoja anayesimama mbele ya watu.

Na hapa Usukumani kuna jambo kubwa zaidi. Vizazi kwa vizazi, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wamekuwa wakishindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na umati ndio mwamuzi: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju anayeingia kwenye shindano hilo anajua kwamba mstari ukilegea watu wanahama, na anawaona kwa macho yake wakihama. Sanaa ya kuushika umati kwa maneno yenye mapigo haikuletwa na mtu. Tuliikuta kwa babu zetu.

Dai la pili: "Ushairi lazima ughaniwe, na kina kigongwe ili watu wajue ni ushairi"

Dai hili lina wazee wakubwa nyuma yake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliliona shairi kuwa ni wimbo. Mathias Mnyampala aliyezikuza ngonjera alitupatia mashairi ya kujibizana ambayo shule za nchi nzima ziliyapokea baada ya Azimio la Arusha. Kughani kuna mahali pake, na mtoto anayeghani vizuri apigiwe makofi.

Lakini wahusika wa tamthilia hawaghani. Wanaombana, wanadanganyana, wanatishana, na wanapaswa kuonekana wakiyatafuta maneno sasa hivi. Akija kijana na sauti ya ngonjera, ile inayopanda na kushuka pale pale kila mstari huku mkono ukipepea, mistari yote inakuwa sawa: ya anayeua na ya anayelia.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hukaa kwenye silabi ya mwisho kabisa. Chukua mistari hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mazoezi:

Gari limeshawasili, makuli wote njooni,
Mzigo huu ni mali, msiuangushe chini.

Kila upande una mizani minane. Vina ni "li" katikati na "ni" mwishoni. Sasa sema "wasili" na "chini" kama unavyomwambia jirani yako: sauti inakaza "si" na "chi", halafu "li" na "ni" zinafuata kwa upole. Kijana anayegonga kina hulazimika kusema "wasiLI" na "chiNI", na hapo maneno yanaacha kuwa ya mtu na kuwa ya mtihani. Kina hakihitaji kusaidiwa. Sikio la Mswahili linakiokota chenyewe, hata kikisemwa kwa sauti ya chini. Kazi ya mwigizaji ni kuitamka silabi ya mwisho kwa ukamilifu bila kuimeza, kisha aache mkazo ukae mahali pake pa kawaida.

Dai la tatu: "Basi sahau mizani, ongea kama kijiweni"

Wanaochoshwa na sauti ya ngonjera hukimbilia upande wa pili. Huwaambia vijana waivunje mistari, waongeze "yaani" na "sasa", waseme kama wanavyopiga soga. Matokeo yake hotuba ya mfalme na soga ya dereva wa lori anayesubiri zamu bandari kavu zinakuwa kitu kimoja.

Shakespeare mwenyewe anatujibu. Katika Julius Caesar, baada ya Kaizari kuuawa, watu wawili wanauhutubia umati uleule kwa kufuatana. Brutus, mmoja wa waliomuua, anasema kwa nathari, sentensi zilizopangwa kwa akili, kila upande ukilingana na mwenzake. Umati unamkubali. Kisha anasimama Antony, rafiki wa Kaizari, na yeye anasema kwa ushairi. Anawageuza watu walewale mpaka wanakwenda kuchoma nyumba. Mtunzi aliweka tofauti hiyo makusudi ili isikike. Mwigizaji wa Antony akiiongea hotuba yake kama nathari, ameitupa silaha ambayo mtunzi alimkabidhi.

Mizani ya Kiswahili nayo ina faida yake kwa mwigizaji, na ni tofauti na ya Kiingereza. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi kama kumi zenye mapigo matano. Mwingereza anahesabu mapigo. Mshairi wa Kiswahili anahesabu silabi, na mapigo yanategemea urefu wa maneno. Linganisha vipande hivi viwili, kila kimoja kina mizani minane:

Watu wote wako hapa.
Wamekwishakusanyika.

Cha kwanza kina maneno manne na mapigo manne. Kinatembea hatua kwa hatua, kinafaa kwa mtu anayetaka kila neno lisikike kama ushahidi. Cha pili ni neno moja lenye mkazo mmoja tu, kwenye "nyi". Kinakwenda kama treni ya mizigo isiyo na kituo njiani. Mwigizaji hana budi kuibeba pumzi kuanzia "wa" mpaka afike "nyi", na akidondosha sauti katikati hatasikika. Anayejua hili huyasoma maandishi upya: maneno mafupi yakisongamana, mhusika anasisitiza au anashindwa kupumua, yakija marefu, mhusika ana haraka au ana mamlaka. Hayo hayapatikani kijiweni, kwa sababu kijiweni hakuna aliyeyapanga.

Dai la nne: "Pumua kila mwisho wa mstari"

Hili ni kosa la kawaida kuliko yote, na linatoka darasani, ambako mashairi husomwa mstari kwa mstari. Kuna mistari kifu, ambayo maana yake inakamilika mwishoni, na kuna mistari mishata, ambayo maana yake inavuka kwenda mstari unaofuata. Mwigizaji anayepumua kila mwisho wa mstari huitendea mishata kama kifu, na maana inakatika kama kamba.

Huu hapa mfano mwingine nilioutunga, kwa mhusika anayeweza kuwa jirani wa yeyote kati yetu katika ukanda huu wa dhahabu:

Nilimwona yule bwana, aliyelichimba shamba
La marehemu babangu, bila ya kuniuliza.

Ukishusha sauti na kupumua baada ya "shamba", umemaliza habari: kuna bwana, kuna shamba, basi. Halafu "la marehemu babangu" linakuja kama maelezo ya nyongeza. Ukikimbia bila kuuona mwisho wa mstari, msikilizaji anapata habari lakini hapati pigo.

Njia ya tatu ndiyo sahihi. Fika kwenye "shamba" ukiwa na pumzi bado kifuani. Iache sauti ibaki juu, usiishushe. Shikilia kwa muda mfupi mno, kiasi cha msikilizaji kujiuliza moyoni: shamba la nani? Kisha ingia "la marehemu babangu" kwa pumzi ileile. Swali limezaliwa na limejibiwa, na hasira ya mhusika imefika bila mwigizaji kukunja uso. Baada ya "babangu" kuna mkato. Hapo unaweza kuvuta pumzi kidogo, kwa sababu "bila ya kuniuliza" ni jeraha la pili na linastahili nafasi yake.

Kwa hiyo kanuni ni hii: pumua pale wazo linapoisha, na mwisho wa mstari utumie kuamsha hamu ya kusikia kinachofuata. Penseli ndogo inatosha kwa kazi hii. Kabla ya kukariri, kijana aweke alama kwenye kila mstari mshata na kwenye kila mahali atakapopumua.

Dai la tano: "Takriri, balagha na kinaya ni za kujibia mtihani"

Nimewaona wanafunzi wanaoweza kuorodhesha tamathali na mbinu kumi za lugha kwa dakika mbili na wasiweze kuitumia hata moja mbele ya watu. Kosa si lao. Wamefundishwa kuitambua takriri, wakapewa alama, wakaendelea. Hakuna aliyewauliza: mhusika anarudia neno hili ili apate nini?

Rudi kwa Antony. Ameruhusiwa kuzungumza kwa sharti la kutowalaumu waliomuua Kaizari. Anafanyaje? Anamsifu Brutus kuwa ni mtu wa heshima, halafu anairudia sifa hiyohiyo, tena na tena. Kati ya sifa moja na nyingine anapachika ushahidi: Kaizari alileta mateka ambao fidia yao iliijaza hazina, aliwalilia maskini, alipewa taji mara tatu na akalikataa mara tatu. Sifa haibadiliki. Kinachobadilika ni kila kitu kinachoizunguka, mpaka inaoza mdomoni mwa msemaji mbele ya umati.

Mwigizaji asiyeelewa takriri huanza kubeza tangu mara ya kwanza, akibinua midomo ili watu wajue ni kinaya. Ameua hotuba yote. Umati wa Roma bado unampenda Brutus. Ungempiga mawe Antony kama ungeisikia kejeli mapema hivyo. Mara ya kwanza aiseme kwa moyo mweupe, mara ya pili aiseme vilevile, na aziache habari za mateka na maskini zifanye kazi. Kufika mwisho, watu wenyewe ndio watakaoitukana ile sifa, naye atakuwa hajalivunja sharti.

Balagha nayo si swali la pambo. Antony anauliza kama kulikataa taji ni uroho wa madaraka. Swali hilo linahitaji kimya baada yake, kwa sababu jibu linapaswa kutungwa vichwani mwa wasikilizaji. Mwigizaji anayeuliza na kuendelea papo hapo amewanyang'anya watu jibu lao. Shakespeare amemwekea Antony hata mahali pa kunyamaza: anasema moyo wake uko jenezani pamoja na Kaizari, anakatisha maneno, na umati unaanza kunong'ona wenyewe kwa wenyewe. Kimya hicho ni sehemu ya shairi.

Na ukinzani, ule wa kuweka mambo mawili yanayopingana katika kauli moja, unataka kila upande upewe uzito wake. Ukitamka "hai" na "maiti", "mtumwa" na "huru", kwa sauti moja, msikilizaji atasikia orodha badala ya mgongano.

Dai la sita: "Lafudhi ya Kisukuma inaharibu, na sauti zao hazifiki"

Dai hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu huwafanya vijana wafunge midomo. Aliyetutafsiria Juliasi Kaizari alikuwa Mzanaki wa Butiama. Mnyampala wa ngonjera alikuwa Mgogo wa Dodoma. Hakuna kati yao aliyenyonya Kiswahili cha pwani, na Kiswahili kimewaweka katika safu ya mbele. Mwaka 2012, ukumbi wa Globe mjini London ulipokaribisha kazi za Shakespeare kwa lugha nyingi za dunia, tamthilia ya The Merry Wives of Windsor ilichezwa kwa Kiswahili na waigizaji kutoka Kenya kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Kiswahili chao kilikuwa cha Kenya, na kilisimama pale palipo jina la Shakespeare.

Kisukuma ni lugha ya toni. Anayekua nacho amezoea tangu utotoni kusikia jinsi sauti ikipanda au ikishuka inavyobadilisha maana. Sikio la namna hiyo ni hazina kwa mwigizaji. Kinachohitaji kurekebishwa ni kidogo na kinaeleweka: pale "r" na "l" zinapobadilisha maana. Katika onyesho la siasa, "kula" na "kura" visichanganywe. Katika onyesho la posa, "mahali" na "mahari" vitenganishwe. Kijana afanyie mazoezi maneno hayo machache, na mwiko wake uwe kumeza silabi za mwisho. Lafudhi iliyobaki ni ya kwake, na mhusika mwenye kwao hupendeza zaidi kuliko mhusika aliyeigiza sauti ya mtangazaji wa redio.

Kuhusu sauti kufika, Isaka inatufundisha vibaya. Mji wa stesheni na bandari kavu, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yakinguruma, humzoesha mtu kupiga kelele ili asikike. Kwenye tamthilia, kelele hubana koo, hufanya vokali zote zifanane, na humwacha mwigizaji bila kitu cha kuongeza pale ghadhabu inapokuja. Sauti inayofika hutokana na pumzi iliyovutwa mpaka tumboni, kinywa kilichofunguka kwenye vokali, na konsonanti zilizokamilika. Kama mahafali yanafanyika uwanjani na maikrofoni ni moja, panga waigizaji wawe karibu, mgongo usipewe watazamaji, na asiyesema atulie kabisa. Utulivu wa wengine humwongezea msemaji sauti.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu anayesoma haya asisubiri vifaa. Achague onyesho moja, si kitabu kizima. Kwanza, kila kijana aseme maana ya maneno ya mhusika wake kwa Kiswahili chake mwenyewe, mpaka ajue anataka nini kwa mwenzake. Pili, wahesabu mizani pale ilipo, watafute mistari mishata, waweke alama za pumzi. Tatu, kwa kila takriri na kila balagha, waulizane inatumikia nini. Nne, ndipo wakariri na kusimama. Mpangilio huu ukigeuzwa, kukariri kukitangulia, sauti ya ngonjera itaingia na itachukua wiki nyingi kuitoa.

Mzazi wa Isaka aliyezoea kumsikiliza manju hana shida na ushairi. Anachokataa ni ushairi uliokufa mdomoni mwa anayeusema, na ana haki ya kuukataa. Tumpelekee Antony anayefikiri kwa sauti mbele yake, anayeshika neno na kuliachia kwa wakati wake, naye atakaa mpaka mwisho na kubishana na jirani yake kama Brutus alionewa au la. Vijana wetu wanaweza kumfanyia hivyo. Wanachodai kwetu ni kuaminiwa kwa kupewa mistari mizima, na mtu wa kuwaonyesha jinsi inavyosomwa.